Vikombe Vitatu Vyeusi

Kabla ya adhana ya alfajiri, ndani ya nyumba ya Mzee Jayant pale Mapinga, ulisikika mlio mdogo wa kaure ikiguswa na bati. Mara moja, kisha kimya. Mara ya pili. Mara ya tatu. Inspekta Mwanahija, aliyekuwa ameketi barazani amejifunika khanga mabegani kwa ajili ya umande, alihesabu bila kukusudia. Vikombe vitatu vimewekwa kwenye sinia.

"Ameamka," alinong'ona Koplo Mikdad. "Afande, mtu gani anaonja pombe saa hizi? Hata walevi bado wamelala."

"Anaonja kabla ya chai. Akishakula pilipili na tangawizi, ulimi unakuwa umeshaharibika. Alinieleza mwenyewe."

"Na sisi je? Tumekuja kumtazama?"

"Tumekuja kumtazama."

Mikdad aliangalia saa yake. Hakusema alichokuwa anafikiri, lakini Mwanahija alikijua. Saa tatu asubuhi Rajabu angepandishwa kizimbani Bagamoyo kwa kosa la kuua kwa kukusudia, na jalada lilikuwa tayari juu ya meza ya mkuu wa upelelezi. Lilikosa sahihi moja tu, ya Mwanahija.

Adhana ilipoanza, alizunguka nyuma ya stoo kutafuta mahali pa kuswalia. Alikuta kijukwaa cha saruji kilichosakafiwa vizuri, mkeka umekunjwa na kuwekwa juu ya tofali usipate unyevu, na ndoo ya maji yenye kifuniko. Hapo ndipo Rajabu alipokuwa akiswali kwa miaka kumi na tisa aliyofanya kazi kwa Mhindi huyu. Mwanahija alifunua ndoo. Ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, na maji yalikuwa safi, hayana hata jani.

Rajabu alikuwa na siku tisa mahabusu.

Alipomaliza kuswali alimkuta Khushboo, binti wa mzee, amesimama kwenye mlango wa jikoni na taa mkononi. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, aliyerudi kutoka Dar kumtunza baba yake baada ya mama kufariki.

"Dada, nani anajaza ile ndoo?" Mwanahija alimuuliza.

"Baba. Kila jioni. Nilimwambia Rajabu hayupo, akasema akirudi asikute ndoo tupu."

Mwanahija alitikisa kichwa taratibu. Mtu anayemchimbia mwenzake shimo hamjazii maji ya udhu. Wazo kwamba mzee alimsingizia Rajabu kwa chuki lilikuwa limemsumbua siku mbili. Sasa alilifuta.

Yaliyobaki aliyapanga upya kichwani, kama mtu anayepanga vyombo kabatini.

Mzee Jayant alikuwa na leseni na mtambo mdogo wa shaba wa kukenekea pombe. Alinunua zabibu Dodoma, zikaja kwa lori kupitia Chalinze, akatengeneza brandi na kuilaza kwenye mapipa madogo ya mwaloni, mengine miaka mitano, mengine karibu ishirini. Mapipa kumi na manne tu. Joto la Pwani lilipunguza brandi kila mwaka, ikigeuka mvuke na kupotea hewani, hivyo pipa la kumi na moja lilipofikisha miaka kumi na tisa lilikuwa limebaki na lita sita. Mzee alichanganya lita hizo na lita tatu za brandi changa kwenye sufuria kubwa, akaacha usiku kucha, asubuhi akaonja, akajaza chupa kumi na mbili na kuziba kwa nta. Siku hizo zote Rajabu hakuwepo. Alikuwa amekwenda Mkange kumzika shangazi yake. Alirudi jioni, akapokea chupa zikiwa zimeshazibwa, akalala nazo chumbani kwake, kesho yake akazipeleka kwa wateja.

Chupa ya kwanza ilifunguliwa na mhandisi mstaafu wa Chalinze. Aliichanganya na soda ya tangawizi, akanywa peke yake akisikiliza redio. Siku ya pili macho yalikuwa hayaoni. Siku ya tatu alizikwa.

Kumi na moja zilizobaki zilikusanywa kabla hazijafunguliwa.

Mzee Jayant alipoulizwa, aliandikisha maelezo mafupi: *Niliionja mwenyewe asubuhi ile kabla ya kuijaza. Ilikuwa safi.* Kwa hiyo sumu iliingia baadaye. Na baadaye chupa zilikuwa kwa nani? Kwa Rajabu. Nani alinunua spiriti ya kupigia polishi milango, ile inayopofusha ikinywewa, wiki mbili kabla? Rajabu. Na Tabia, mama anayeuza vitumbua getini, alimsikia Rajabu akigomba stoo siku chache kabla ya safari, akisema kwa sauti, "Siku moja mtu atakufa humu." Rajabu mwenyewe, tangu akamatwe, hakujitetea hata kwa neno moja.

Kwa Mikdad, kesi ilikwisha hapo. Kwa Mwanahija pia ingekwisha, kama jana mchana majibu ya maabara yasingefika. Chupa zote kumi na moja zilikuwa na sumu ileile, kwa kiasi kilekile, na nta hazikuwa zimeguswa.

Mtu anayetia sumu kwenye chupa kumi na mbili, moja baada ya nyingine, hawezi kutia sawasawa namna hiyo. Sumu ilikuwemo kwenye sufuria. Ilikuwemo wakati mzee anaonja.

Jana hiyohiyo alikwenda stoo. Kwenye rafu kulikuwa na madamajani sita, yale machupa makubwa ya kioo yaliyovikwa ukili, na hakuna hata moja lililoandikwa kitu. Alimimina tone la kila moja kiganjani, akasugua viganja, akanusa. Matano yalinuka matunda, harufu ya brandi changa. Moja, lililopungua lita tatu, lilinuka karakana ya seremala. Hakuhitaji kuwa mtaalamu. Mtoto wa darasa la kwanza angelijua.

Ndipo alipokwenda mahabusu jioni, akamkuta Rajabu ameketi chini, tasbihi mkononi.

"Rajabu, spiriti ya polishi uliiweka wapi?"

"Kwenye damajani tupu, pembeni mwa mlango. Galoni lake lilikuwa linavuja."

"Na kwa nini hukuandika?"

"Hatuandiki, afande. Stoo yetu inajulikana kwa pua. Miaka yote hiyo hatujawahi kuandika."

"Sasa liko kwenye rafu."

Rajabu alinyanyua uso. Kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, alionekana ameshtuka. Halafu akainama tena.

"Mzee amejaza chupa nyingine?" aliuliza.

"Bado."

"Tafadhali, mwambieni asijaze mpaka nitoke. Na kama sitoki, mumtafutie mtu wa kumsaidia. Msimwache peke yake mle ndani."

Akarudi kuhesabu tasbihi. Mwanahija alirudi nyumbani na maneno hayo, akakaa nayo wakati wa chakula, akaamka nayo. Mtu anayekaribia kunyongwa, na hofu yake ni kwamba mzee ataachwa peke yake na damajani.

Sasa alimvuta Khushboo kando ya jiko, ambapo sufuria ya maziwa ilikuwa imeanza kupata moto.

"Dada, nisaidie jambo moja. Baba yako huonja pipa la tatu, halafu la saba, halafu la tisa. Sivyo?"

"Ndiyo. Kutoka changa kwenda kuukuu. Hajawahi kubadilisha."

"Na kwa nini vikombe vyeusi?"

"Anasema rangi inadanganya. Ukiona brandi nyeusi unadhani ni kuukuu hata kama ni sukari iliyounguzwa. Kwenye kikombe cheusi macho hayapati kitu, pua ndiyo inafanya kazi."

"Leo utamimina wewe. Umimine vikombe vyote vitatu kutoka pipa la tatu."

Khushboo alimtazama kama mtu aliyeambiwa avunje sahani za watu. "Atajua mara moja. Atakufukuza, na mimi atanisema mpaka Diwali."

"Akijua, nitamwomba radhi mbele yako, na nitatia sahihi yangu nilipoambiwa nitie. Na Rajabu atakwenda mahakamani."

Khushboo aliiweka taa chini. Kisha alichukua sinia.

"Siku zile za mvua, Rajabu akiwa Mkange," Mwanahija aliongeza, "wewe ndiye uliyepandisha madamajani kwenye rafu?"

"Paa lilivuja pale mlangoni. Niliona ukili utalowa, nikayapandisha yote juu." Alisimama. "Nilifanya vibaya?"

"Ulifanya ambavyo angefanya mtu yeyote mwenye kujali vitu vya nyumbani. Nenda ukamimine, dada."

*

Mzee Jayant alitoka kwa hatua za polepole, shati jeupe limepigwa pasi, nywele zimelowa maji. Alikuwa na miaka sabini na minne. Mikdad alisimama kumpisha kiti chenye mgongo, na mzee akamshika mkono kwa shukrani kabla ya kukaa.

"Shikamoo, mzee," alisema Mwanahija.

"Marahaba, binti yangu. Umelala salama?"

"Salama. Samahani kwa kukuamsha na kazi."

"Mimi huamka mwenyewe. Huyu koplo ndiye anaonekana ameonewa."

Mikdad alicheka kidogo, akafuta uso.

Khushboo aliweka sinia mezani na kuondoa kawa. Vikombe vitatu vyeusi vya kaure, visivyo na mkono, vimepangwa mstari. Kando yake bakuli la kutemea na bilauri ya maji. Kisha alirudi nyuma na kusimama mlangoni, mgongo kwenye fremu. Mikono yake ilishika ncha ya sari.

"Nataka uonje kama ulivyoonja siku ile," alisema Mwanahija. "Mimi nitaandika. Sitakuingilia."

"Vizuri. Wengi hudhani ni kunywa. Sio kunywa. Tangu daktari anikataze natema yote." Alivuta kikombe cha kwanza. Alikizungusha, akakiinamia, macho yamefumbwa, akakaa hivyo kwa muda. Mwanahija aliona jinsi alivyokishika kwa vidole vinne, kwa upole, kama anashika kifaranga. Kisha akatia brandi mdomoni, akaizungusha, akatema.

"Pipa la tatu," alisema. "Miaka mitano. Bado ni mtoto. Zabibu mbichi, ganda la chungwa. Linachoma mbele ya ulimi, halafu linakimbia."

Mwanahija aliandika. Kalamu ndiyo pekee iliyosikika.

Kikombe cha pili. Akakiinamia vilevile, muda uleule.

"La saba. Huyu ametulia. Asali. Tumbaku ile ya majani, sio ya sigara. Nyuma kuna tende. Rajabu hulipenda hili kuliko yote, ingawa hajalitia mdomoni hata siku moja." Alitabasamu. "Unajua nilimfundisha vipi? Alipokuja alikuwa fundi mwashi. Alitaka kazi, lakini akaniambia, mzee, mimi sitaonja, usije ukaniomba. Nikamwambia sitakuomba. Nikammwagia viganjani. Baada ya mwaka mmoja alikuwa ananishinda. Watu mtaani walimsema, wengine wakakataa hata futari yake. Hakuniacha."

"Ni kweli, mzee," alisema Mwanahija. Hakuinua uso kutoka kwenye daftari, kwa sababu alimsikia Khushboo akivuta pumzi.

Kikombe cha tatu mzee alikichukua kwa mikono miwili.

"Na huyu ni la tisa," alisema. "Huyu ni mkubwa. Hapa huhitaji kuharakisha."

Nyuma ya Khushboo, jikoni, maziwa yalipanda, yakamwagika juu ya moto. Yalitoa sauti ndogo ya kuchemka, kisha moshi. Harufu ya maziwa yaliyoungua ilitoka mlangoni, nzito na chungu, ikajaa baraza nzima. Mikdad alipiga chafya, akaziba pua kwa kiganja. Khushboo hakusogea. Alikuwa anamtazama baba yake.

Mzee Jayant alikuwa ameketi na mgongo kuelekea jikoni. Pua yake ilikuwa juu ya kikombe.

"Unasikia harufu gani, mzee?" Mwanahija aliuliza kwa sauti ya chini. "Sasa hivi."

Alivuta hewa ndefu, kifua kikajaa.

"Karafuu," alisema. "Karafuu, na kabati la mbao la mama yangu."

Moshi ulipita juu ya kichwa chake, mweupe, ukatoka nje kuelekea uani.

"Baba," alisema Khushboo. "Maziwa yameungua."

Mzee aligeuka. Aliuona moshi. Aliuangalia kwa muda, kisha akaangalia vikombe, kimoja kimoja, kisha akamwangalia binti yake usoni.

"Vyote hivi ni pipa gani?" aliuliza.

"La tatu."

"Vyote?"

"Vyote, Baba. Nisamehe."

Alikirudisha kikombe kwenye sinia. Kaure ikagonga bati, mlio uleule wa alfajiri. Khushboo alikwenda kuzima jiko, na alipotoka aliketi chini kwenye ngazi, karibu na miguu ya baba yake, akaweka kiganja juu ya kiatu chake.

"Tangu lini?" Mwanahija aliuliza.

"Tangu ile homa. Miaka mitatu. Niliamka hospitali nikaletewa chai, nikadhani wameniletea maji ya moto." Alizungumza bila kupandisha sauti. "Nilidhani itarudi. Nilikuwa na madaftari yangu, nimeandika kila pipa, nayajua kwa moyo. Wateja wanapenda kusikia maneno. Mimi nilisema maneno, na Rajabu alinusa. Alikuwa anakuja mapema, anapaka viganjani kila kitu nitakachogusa siku hiyo. Akinyamaza, namimina. Akikohoa, simimini. Hatukuwahi kulizungumza. Mara moja tu alinikuta nimechanganya peke yangu, akakasirika."

"Akasema siku moja mtu atakufa humu."

"Ndiyo. Hicho ndicho alichosikia Tabia."

"Na alipokwenda Mkange hukumsubiri."

"Mhandisi alikuwa ametuma mtu mara mbili, anaitaka kwa siku yake ya kuzaliwa. Nikaona haya kumwambia kwamba siwezi mpaka mtumishi wangu arudi." Aliangalia kiganja cha binti yake juu ya kiatu. "Sasa wajukuu wa mhandisi nitawatazama kwa uso gani?"

Mwanahija aliacha swali hilo lipite. Alifungua ukurasa mpya.

"Mzee, uliandikisha kwamba uliionja ikawa safi. Ulijua kwamba maneno hayo yanamfunga Rajabu?"

"Siku ya kwanza sikujua. Siku ya pili nilijua." Alifuta macho kwa upande wa mkono. "Nilikuwa najaza ndoo yake ya maji, najiambia kesho nitakwenda kusema. Siku tisa, binti yangu. Nimejaza mara tisa."

Mikdad, ambaye alikuwa na maneno mengi tangu Bagamoyo, alikwenda kimyakimya kumletea mzee bilauri nyingine ya maji. Ile ya kwanza ilikuwa imeingia majivu ya jikoni.

"Naomba unipeleke," mzee alisema. "Kabla ya saa tatu. Nitabadilisha maelezo yangu mbele ya mkuu wako."

*

Saa mbili na nusu walikuwa kituoni Bagamoyo. Mkuu wa upelelezi alisoma maelezo mapya mara mbili, akauliza kuhusu majibu ya maabara, akauliza kuhusu damajani, akauliza nani alishuhudia vikombe. Mikdad alisema, "Mimi, mkuu. Na nilikuwa na hakika kwamba ni Rajabu, kwa hiyo siwezi kumpendelea." Jalada la kuua kwa kukusudia lilifungwa. Jipya lilifunguliwa, la kuua bila kukusudia, na jina juu yake likawa jingine. Dhamana ingeangaliwa baadaye, kwa kuwa ni mzee na ni mgonjwa, lakini leo angebaki.

Rajabu alitolewa mahabusu akiwa peku, viatu vyake mkononi. Alimkuta Mzee Jayant amekaa kwenye benchi la korido. Aliangalia viatu vya mzee, ambavyo vilikuwa tayari vimevuliwa kama taratibu zinavyotaka, na miguu yake ya kizee juu ya saruji baridi.

Alipiga magoti, akatandika kitambaa chake cha kichwa chini ya miguu ile.

"Ulikuwa unajua," mzee alisema. "Tangu mwanzo."

"Tangu ule mwezi panya alipofia darini, mzee. Mle ndani hata nzi walikuwa wanatoka. Wewe umekaa chini yake unaandika lebo mchana kutwa."

Mzee alitaka kucheka, ikashindikana.

"Kwa nini hukusema? Siku tisa wanakuuliza."

"Ningesema nini? Kwamba mzee Jayant hanusi? Hilo halikuwa langu kulisema. Nilijua utakuja."

"Nimechelewa."

"Umekuja."

Mwanahija alisimama mbali kidogo, funguo mkononi. Alipaswa kuwaharakisha. Badala yake alitazama orodha ya zamu ukutani, akaisoma mara ya pili kutoka juu.

"Nimeua mtu, Rajabu," mzee alisema.

Rajabu hakumkatalia, wala hakumwambia kwamba ni bahati mbaya. Alikaa kando yake kwenye benchi mpaka Mikdad alipoita jina. Kisha alimshika mzee kiwiko, akamsindikiza mpaka kwenye mlango wa chuma, akamkabidhi mkononi mwa Mwanahija kama mtu anayekabidhi kitu kinachovunjika.

Mlango ulipofungwa, mzee alisogea kwenye nondo.

"Njoo kesho," alisema. "Upite nyumbani kwanza, uswali pale, maji yapo. Stoo wameifunga, lakini ukisimama karibu, harufu inatoka chini ya mlango. Simama kidogo. Halafu uje unieleze inanukaje."

"Nitakuja, mzee."

"Na kesho kutwa pia uje."